Lamu kila mwaka kutoka Bongo: mwongozo kamili wa kurudi na kurudi tena

Watu wengi huku kwetu, hasa wa Tanga na Dar, wameshafika Lamu, ule mji wa kale wa kisiwani pwani ya Kenya, mara moja. Wamepiga picha za punda na milango ya kuchonga, wamekula samaki wa nazi, wamerudi wanasema "lazima nirudi", na miaka inapita hawarudi. Kupenda wanapenda sana, tatizo ni kwamba safari ya kurudi kila mwaka inapangwa tofauti kabisa na ile ya kwanza na hakuna mtu anayekueleza. Ya kwanza unapanga hoteli na nauli basi, ya kila mwaka unapanga watu, mwezi, nyumba, na ile hela ya mwakani unaanza kuitenga wakati ya mwaka huu hujaimaliza. Mimi na familia yangu ndo tunakoenda, na msimamo wangu nausema hapa mapema kabisa ili hata ukiacha kusoma uwe nao: shika nyumba ileile, badilisha mwezi. Mengine yote nitakayoandika yanatoka humo.

Hatua ya 1: chagua mwezi kwanza, likizo ya kazini baadae

Wengi wanaanza na tarehe waliyopewa na bosi alafu ndo wanauliza Lamu kukoje. Geuza. Kaa mwanzoni mwa mwaka na kalenda mbili, ya kawaida na ya Kiislamu, uangalie ni Lamu gani unaitaka mwaka huo, kisha ndo ukaombe likizo mapema.

Kaskazi inavuma kuanzia Desemba hivi mpaka Machi. Bahari inakuwa tulivu, maji masafi, jua kali, na huu ndo wakati wa kwenda kisiwa kidogo cha Manda Toto kuangalia samaki na matumbawe. Ubaya wake ni kwamba Desemba na Januari mji unajaa, Wakenya wa Nairobi wanashuka, Wazungu wenye nyumba zao kijiji cha jirani cha Shela wanarudi, bei zinapanda na nyumba nzuri zinashikwa miezi mingi kabla. Ukitaka kaskazi bila msongamano nenda baada ya katikati ya Januari.

Masika yanapiga kuanzia Aprili na Mei ndo yanakuwa mazito. Baadhi ya hoteli za Shela zinafunga kabisa kipindi hiki. Lakini mtu wa kurudi kila mwaka nashauri aijue Lamu ya masika angalau mara moja maana mji unabaki na wenyewe, bei inashuka sana, mwenye nyumba ana muda wa kukaa kibarazani mkaongea. Sio safari ya kuogelea hiyo, na vichochoro vinajaa matope na samadi ya punda, nenda na viatu vya kuoshwa.

Kusi inashika baada ya masika mpaka Septemba na kuendelea kidogo. Hewa ni ya baridi ya kupendeza, usiku unajifunika shuka. Upande wa ufukwe mkubwa wa Shela unaotazama bahari kuu mawimbi yanakuwa makubwa na mkondo una nguvu, watoto wasiachwe wenyewe hata dakika moja, waogelee karibu na kijiji, upande unaotazama kisiwa cha Manda ambako kuna kinga.

Alafu kuna Maulidi. Kama hujawahi kuyaona Maulidi ya Lamu hujaiona Lamu, naamini hivo kabisa. Yanafanyika mfungo sita (Rabiul-Awwal), kilele chake kwa kawaida ni mwishoni mwa mwezi huo, kitovu ni msikiti wa Riyadha ulioanzishwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya 19, sharifu ambaye asili yake ilikuwa Ngazija, visiwa vya Komoro. Wanakuja watu kutoka Tanga, Unguja, Pemba, Ngazija, Mombasa na bara, wengine wanalala misikitini na kwa jamaa, usiku wote ni matwari na kaswida, mchana kuna mashindano ya mbio za punda, majahazi, kuogelea na bao. Kwa sababu kalenda ya Kiislamu inarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, Maulidi hayakai mwezi mmoja: 2026 mfungo sita unaangukia Agosti na Septemba, 2028 utaanzia Julai. Hii ndo sababu kubwa nasema badilisha mwezi, ukiyafuata Maulidi tu utajikuta umeiona Lamu ya pepo zote bila kukusudia. Nyumba ya wakati wa Maulidi ishike mwaka mzima kabla.

Novemba kuna tamasha la utamaduni la Lamu, nalo zuri, lina mambo mengi ya maonyesho, hina, mapishi, mashairi, lakini ni la wageni zaidi. Ramadhani, ambayo sasa hivi inaangukia Februari na Machi, mchana mji unalala na migahawa mingi imefungwa, usiku unafufuka. Kwa Mwislamu ni wakati mtamu sana wa kwenda. Kama hufungi nenda tu lakini ule na unywe ndani.

Hatua ya 2: angalia mwezi wa angani

Hii watu wa bara wanairuka na inawaharibia safari. Lamu kila kitu kinaenda na maji: boti zinapita wapi, njia ya miguu ya kwenda Shela iko wazi au imefunikwa, magofu ya Takwa yanafikika au hayafikiki. Maji ya bamvu, yale yanayojaa na kukupwa sana, yanakuja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, siku moja mbili baada yake ndo yanakuwa na nguvu zaidi. Maji mafu, yale yanayopanda na kushuka kidogo, yanakuja mwezi ukiwa nusu.

Sheria ya kushika kichwani kwa pwani yetu yote hii: wakati wa bamvu maji yanakupwa saa nne tano hivi asubuhi na yanajaa saa kumi, kumi na moja jioni. Maji mafu ni kinyume, yanajaa asubuhi kwenye saa nne. Na kila siku muda unasogea mbele kama dakika 50. Ukiijua hii tu unapanga wiki nzima bila kumuuliza mtu. Magofu ya Takwa kisiwani Manda, ule mji uliohamwa karne ya 17, unaingia kwa kijito katikati ya mikoko na boti haipiti maji yakiwa madogo, kwa hiyo wakati wa bamvu unakwenda mchana na unatoka kabla maji hayajakukimbia, wakati wa maji mafu unakwenda asubuhi. Kutembea kwa miguu kutoka mjini mpaka Shela, kama dakika 40 mpaka 45, unataka maji yawe yametoka.

Ukiwa na wazee au watoto wadogo nashauri mfike siku za maji mafu, boti zinakaribia gati vizuri na kushuka hakusumbui sana. Ukiwa na vijana wanaotaka kutanga pwani kuokota makome na kuona miamba, bamvu.

Hatua ya 3: makaratasi

Fupi hii. Mtanzania haombi viza wala ule usajili wa mtandaoni wa Kenya, eTA, sisi wa Afrika Mashariki tumeondolewa. Unahitaji pasipoti. Pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000 na inakaa miaka 10, kwa hiyo ukienda kila mwaka imegawanyika ni hela ndogo mno. Pamoja nayo beba kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Tangu 2016 chanjo moja inahesabika ya maisha, asikudanganye mtu kwamba imeisha muda. Mtoto ana pasipoti yake mwenyewe, na kama anasafiri na mzazi mmoja au na shangazi, beba barua ya ridhaa na kopi ya cheti cha kuzaliwa.

Piga picha kila ukurasa muhimu, jitumie mwenyewe WhatsApp. Basi.

Hatua ya 4: njia ya kufika

Kuna njia mbili za maana na nitazieleza zote, ila ya basi nitakaa nayo kidogo maana ndo wengi tunayoimudu.

Basi la Dar kwenda Mombasa linapita Tanga, Horohoro, unavuka Lunga Lunga, Ukunda, mpaka kivuko cha Likoni cha kuingia Mombasa. Mpakani unashuka na kugongewa muhuri, mzigo unakaguliwa, usitoe noti ya mtu yeyote anayejifanya anakusaidia foleni. Kwa mtu wa Tanga ni safari ya nusu siku, kwa mtu wa Dar ni siku nzima. LALA MOMBASA. Narudia, lala Mombasa, usijaribu kuunganisha moja kwa moja mpaka Lamu hata kama ratiba inaonyesha inawezekana, mwili unachoka na pia safari ya Mombasa Lamu unaitaka iwe ya mchana tupu.

Asubuhi mapema sana unachukua basi la Lamu, kampuni zipo kama Tahmeed na Tawakal, tiketi kata jana yake na ukae upande wa kushoto kama unakwepa jua la asubuhi. Njia ni Kilifi, Malindi, Garsen kwenye mto Tana, Witu, mpaka Mokowe. Zamani kipande cha kuanzia Garsen kilikuwa vumbi na mashimo, sasa hivi ni lami na muda umepungua sana. Kutoka Mokowe unavuka kwa boti mpaka mjini. Boti ya abiria ya kawaida ni rahisi, spidi boti ni ghali kidogo na haraka, ukiwa na mizigo mingi wabebaji wapo na kila mmoja atataka kushika begi, mteue mmoja, mwambie bei kabla.

Sasa la usalama, na hili nalisema wazi. Kaunti ya Lamu imewahi kushambuliwa, shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 liliua watu zaidi ya 60, na miaka iliyofuata barabara hiyo imekuwa na matukio yake. Ndo maana kuna vizuizi vya polisi njiani, wakati mwingine mabasi yanakwenda kwa msafara na askari, abiria mnashushwa mnaonyesha vitambulisho. Pasipoti iwe mkononi sio kwenye begi la chini ya basi. Wiki moja kabla ya safari mpigie mwenyeji wako umuulize barabara ikoje, na akikwambia "subirini kidogo" subirini, au pandeni ndege kutoka Malindi, Mombasa au Nairobi kama ipo siku hiyo. Kisiwani penyewe ukishafika ni pengine kabisa, watoto wanacheza nje mpaka usiku.

Njia ya ndege: Dar mpaka Nairobi, kisha Nairobi Lamu. Angalia sana ndege ya pili inaondoka uwanja gani maana Jambojet inatoka Jomo Kenyatta na Safarilink inatoka Wilson, na kati ya viwanja hivi viwili kuna foleni ya Nairobi, acha masaa ya kutosha. Zile ndege ndogo za Wilson wanabana uzito, mara nyingi kilo 15 na begi laini. Unatua kisiwani Manda, unatembea hatua chache mpaka gatini, boti inakuvusha mjini au Shela kwa muda wa robo saa hivi. Kuna furaha yake kushuka kwenye ndege ukaingia kwenye boti moja kwa moja, siwezi kubisha.

Ushauri wangu kwa wa kila mwaka: nenda kwa basi, rudi kwa ndege kama hela ipo, au fanya zamu, mwaka huu hivi mwaka ujao vile.

Hatua ya 5: nyumba, na mwenye nyumba

Hapa ndo penyewe. Mwaka wa kwanza lala gesti siku mbili tatu, usilipie wiki nzima mtandaoni kwa nyumba usiyoiona. Tembea asubuhi na jioni, uone unapenda wapi.

Sehemu kuu ni mji wa Lamu na kijiji cha Shela. Shela kuna mchanga, utulivu, nyumba nyeupe nzuri sana, na bei ya kigeni. Mji una upande wa Mkomani, kaskazini, wenye nyumba kubwa za kale za matumbawe na boriti za mikoko, na upande wa Langoni, kusini, wenye maduka na pilikapilika. Kwa familia ya Kitanzania inayotaka kurudi mimi nasema Mkomani. Shela ukitaka ufuo unakwenda kwa boti au kwa miguu, lakini ukikaa mjini unanunua samaki mwenyewe gatini, unajuana na muuza mahamri, watoto wanapata wenzao wa kucheza nao, na mwaka unaofuata watu wanakuita kwa jina.

Unapokagua nyumba uliza haya, na uyaone kwa macho: tangi la maji ni kubwa kiasi gani na maji yanakuja siku zipi, vyandarua ni vizima, ngazi zikoje kama una mzee (nyumba za kale ngazi zake ni wima na nyembamba), juu darini kuna makuti na upepo unafika, jiko ni la gesi, na nani anashika funguo mwenye nyumba akiwa Mombasa. Lala usiku mmoja kabla ya kukubali wiki. Kuna nyumba zinapendeza mchana alafu usiku hakuingii hata chembe ya upepo.

Ukiipata, zungumza na mwenye nyumba mwenyewe au mtu aliyeaminiwa na ukoo. Nyumba nyingi Lamu ni za ukoo, wakati mwingine mwenye neno la mwisho ni bibi mmoja mtu mzima anayekaa nyumba ya pili. Nenda kamuamkie. Kaa chini, kunywa chai yake, usianze na bei. Atauliza kwenu wapi, mama yako yupo, mume au mke ni wa wapi, na sisi watu wa pwani ya Tanzania mara nyingi hapo ndo panagundulika kuna mtu Tanga au Pangani au Unguja mnamjua wote. "Shikamoo bi mkubwa, sisi tungependa tuwe tunakuja hapa kwako kila mwaka kama utaturuhusu." Ukisema hivo na kweli ukamaanisha mazungumzo ya bei yanakuwa mepesi kuliko ya dalali yeyote.

Mkishakubaliana andikeni: bei kwa shilingi za Kenya, siku ngapi, mpishi yumo au hayumo, nani analipa umeme. Mpe advansi ya mwaka ujao kabla hujaondoka, hata kama ni ndogo. Bila advansi ile nyumba Desemba itapewa mtu mwingine na hatakuwa amekukosea. Na usije ukamrukia ukampangia watu wengine nyumba yake mitandaoni ukaweka faida juu, nimeona urafiki wa miaka ukifa kwa hilo.

Acha sanduku. Omba kona ndogo ya stoo, nunua sanduku la plastiki lenye mfuniko wa kubana, weka kikoi, kandambili, miwani ya kuzamia, chandarua chako, sufuria moja unayoipenda, vitabu vya watoto, karata. Weka na karafuu kidogo humo ndani kuzuia wadudu. Mwaka unaofuata unapanda basi na begi moja la mgongoni.

Alafu miezi ya katikati usipotee. Piga simu Idi mbili zote, kukiwa na msiba tuma rambirambi, mtoto wa nyumba akifaulu mtihani mpongeze. Mtu unayemkumbuka wakati wa likizo tu anakuona mteja, na ni haki yake.

Hatua ya 6: hela na laini

Shilingi moja ya Kenya miaka ya karibuni imekuwa ikicheza kati ya 16 na 21 za kwetu, kwa hiyo bei ukiisikia zidisha kwa 20 utapata picha ya haraka. Usibadilishe hela zote mpakani. Badilisha ya kutosha kula na boda, nyingine badilisha Mombasa mjini kwenye duka la kubadilishia fedha au tumia simu, maana unaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Vodacom ya huku kwenda M-Pesa ya Safaricom ya Kenya.

Sajili laini ya Safaricom kwa pasipoti, kwenye duka lao rasmi sio barabarani. Kenya kila mtu analipwa kwa simu, mpaka muuza madafu na nahodha. Shida ya sisi wa kila mwaka ni kwamba laini ikikaa miezi mingi bila kutumika kampuni inaichukua, na namba ile ndo mwenye nyumba na nahodha wanayoijua. Dawa yake ni kuiweka kwenye simu ya laini mbili, iwe inatumika mara kwa mara, tuma meseji, nunua vocha kidogo. Bando la intaneti nunua ukishavuka.

Kuhusu kutenga hela: gawanya gharama yote kwa miezi 11 na uiweke sehemu usiyoigusa kirahisi. Sisi tunacheza kibubu cha familia, kila mtu mzima anatia chake, watoto nao wanatia sarafu zao, na wakitia wao wanaitunza safari kuliko unavyodhani. Weka fungu la dharura la kukata tiketi ya ndege kama barabara imefungwa. Hilo fungu lisiliwe hata kama mnarudi salama, linasubiri mwakani.

Hatua ya 7: cha kubeba

Kwanza mifuko ya rambo ACHA nyumbani. Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017 na faini yake inaweza kufika shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo. Najua hata kwetu imepigwa marufuku tangu Juni 2019 lakini bado watu wanafungia nguo chafu humo.

Dawa zako za kawaida beba za siku zote na ziada ya wiki. Hospitali ya King Fahd ipo mjini, kwa jambo kubwa utapelekwa Mombasa au Nairobi. Dawa ya mbu, mafuta ya jua kwa wenye kuungua, tochi, nguo za kusitiri. Plagi za umeme ni zilezile za kwetu.

Zawadi: kanga za Dar hazikosei, nunua za maneno mazuri, usinunue za mafumbo ukampelekea mtu ukazua jambo. Korosho za Mtwara, karafuu za Pemba, kahawa ya Bukoba. Kwa watoto wa shule madaftari na kalamu umpe mwalimu au mzazi, usigawe barabarani, inawafundisha kuomba.

Hatua ya 8: ukiwa kule, usimalize mji

Watu wa mara moja wanakimbia kumaliza. Wewe unarudi, kwa hiyo gawanya kwa miaka.

Mwaka wa kwanza baki mjini. Ngome iliyojengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na ikaja kuwa jela mpaka miaka ya 1980, makumbusho ya pwani, gati, Riyadha, jioni kahawa chungu na halua. Mji huu UNESCO waliuweka kwenye urithi wa dunia 2001 na unatosha kukushika siku zote ulizonazo.

Mwaka wa pili ongeza Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi. Nenda kwa punda au kwa mashua, uwaone wanavyopiga kalafati (kuziba nyufa za mbao), uliza, wanapenda kueleza. Na Takwa, kwa hesabu ya maji niliyokupa.

Mwaka wa tatu, kama hali ni shwari na nahodha wako amekubali, kisiwa cha Pate. Siyu na ngome yake na mafundi wa ngozi, magofu ya mji wa Pate katikati ya mashamba ya tumbaku. Hiyo ni safari ya kulala kule, sio ya kwenda na kurudi.

Nahodha naye mshike mmoja kama ulivyoshika nyumba. Vijana wa gatini watakufuata siku ya kwanza kila mmoja ana boti, sema kwa heshima "ahsante kaka, nina mtu wangu", na uwe naye kweli. Bei ya mashua mkubaliane kwa safari nzima, chakula kimo au hakimo, na makoti ya kuokolea uyaone kwa macho kabla hamjaondoka, hasa ya watoto.

Adabu ni zilezile za kwetu Unguja na Pangani: salamu kwanza, nguo za kuogelea zibaki ufukweni, mtu usimpige picha bila kumuomba, wanawake wa buibui ndo kabisa. Punda akija kichochoroni mpishe, kabeba mawe au mchanga na hawezi kusimama ghafla. Na yale matuta ya mchanga ya Shela usipite na pikipiki wala kuacha taka, chini yake ndo kuna maji matamu yanayonywewa na mji mzima.

Ukirudi kila mwaka utaona mji unavyobadilika na utaumia kidogo, jiandae. Gati la kwanza la bandari mpya ya Lamu lilifunguliwa Mei 2021 na wavuvi wengi wanalia na sehemu walizozoea kuvua, pikipiki zimeongezeka pembeni ya mji, nyumba za kale zinauzwa. Kuna la kufurahia pia, ule mradi wa kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe ulizuiwa 2019 baada ya wenyeji kuupinga kwa nguvu mbele ya baraza la mazingira. Waulize wenyeji wako wanaonaje, sikiliza, na hela yako itumie kwa mafundi, wavuvi na wapishi wa palepale.

Hatua ya 9: siku mbili za mwisho

Siku mbili kabla ya kuondoka acha matembezi, fanya kazi ya mwakani. Kaa na mwenye nyumba mchague mwezi, angalia Maulidi yataangukia lini, mpe advansi na uandike kwenye daftari lake na lako. Kagua kilichoharibika mkononi mwako, glasi, shuka, pasi, lipa bila kungoja kuambiwa. Funga sanduku, orodha ya vilivyomo ipige picha. Mpishi na anayeshika funguo wape chao mkononi, sio kupitia mtu.

Pita kwa nahodha umuage, pita kwa wazee uwaombe dua ya safari. Boti ya Mokowe ya kuwahi basi inaondoka gizani alfajiri, kwa hiyo mbebaji wa mizigo mpange usiku uleule, na pasipoti iweke mfukoni kabla hujalala maana kizuizi cha kwanza kiko karibu.